Walinihukumu Nikiwa Leba

Nakumbuka asubuhi moja nilipopatikana na hatia nikiwa nimelala chali. Usicheke, mwanangu. Mikono yangu ilikuwa imeshika vyuma vya kitanda cha hospitali, muuguzi ananiambia pumua, sukuma, pumua tena, na saa hiyo hiyo, mbali na pale, katika chumba chenye benchi ndefu na picha ya rais ukutani, watu waliokunywa chai yao wakashiba walikuwa wanasema kwamba mimi ni mhalifu. Mtoto akatoka. Hukumu nayo ikatoka. Mtoto nilimsikia akilia. Hukumu sikuisikia.

Sasa nimezeeka. Baridi ya mlima ikishuka, magoti yangu yananiambia kabla ya redio. Mambo mengi nimeyasamehe, na mengine nimeyasahau bila hata kuyasamehe. Hili sijaweza. Wajukuu wangu huniambia, "Kukhu, si hayo ni ya kitambo bana, achana nayo." Siachani nayo. Kila nikiyasimulia damu inanichemka upya, na nafikiri ni vizuri ichemke, kwa maana siku itakapopoa nitakuwa nimeanza kukubali kwamba yalikuwa ya kawaida. Kaa hapo, nikueleze tangu mwanzo.

Nilikuwa nimeolewa Naitiri, mke mchanga, nyumba ya mabati mapya na shamba la mahindi na maharagwe. Mume wangu Wekesa alikuwa ameajiriwa katika shamba la mbegu upande wa Kitale, akija nyumbani pale tajiri wake alipomruhusu. Kwa hiyo shamba lilikuwa langu, kuku walikuwa wangu, na ugomvi na majirani ulikuwa wangu pia. Jirani mwenyewe alikuwa mzee mmoja, Mukhwana, mtu wa ng'ombe wengi na sauti kubwa, aliyekuwa amelima kabeji bondeni karibu na kijito. Ng'ombe wake waliingia katika maharagwe yangu nikanyamaza. Wakaingia tena. Nilipoenda kumwambia, alicheka akasema, "Mama, ng'ombe hawakusoma, mpaka wataujuaje?"

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Siku tulipokutana kwenye kinu cha kusaga, mbele ya wanawake waliokuwa wamepanga foleni na mikebe yao, nikamjibu, "Hata shamba lako litaliwa siku moja, Mzee." Basi. Maneno hayo tu. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, tumbo limenitangulia kama mtungi, miguu imevimba, na nilikuwa nimechoka kuchekwa.

Haikupita wiki, kabeji za Mukhwana zikaamka zimekatwakatwa. Mtu aliingia alfajiri na panga akazifyeka, vichwa vikatapakaa matutani. Nani alifanya hivyo? Mpaka leo sijui. Mukhwana alikuwa na maadui kama mbwa alivyo na viroboto. Lakini yeye alijua tayari. Alikumbuka maneno ya kinuni, akamwita kijana wake wa kulinda shamba, Barasa, na Barasa akasema ameniona. Kabla ya saa sita polisi walikuwa uani kwangu. Shtaka lilikuwa kuharibu mali ya mtu kwa makusudi.

Siku ya kusomewa shtaka nilimkuta hakimu mzee mwenye nywele nyeupe. Sitakutajia ni korti gani, maana wengi waliokuwa pale wameshazikwa na sina haja ya kuwafukua. Huyo mzee aliniangalia, akaliangalia tumbo, akamwambia askari, "Mpe mama kiti." Nikasema si kweli. Akanipa dhamana na tarehe ya kusikizwa kesi. Nilifikiri, kumbe korti si mbaya hivyo. Maskini mimi. Hakimu huyo alihamishwa kabla tarehe hiyo haijafika.

Aliyesimama dhamana yangu alikuwa senge. Kwetu senge ni dada ya baba, na msichana mwenye senge ana baba wawili. Huyu wangu alikaa Matisi, kule Kitale, katika nyumba ndogo yenye ua wa maua ya kila aina, na alikuwa mama wa kanisa anayeogopwa hata na mchungaji. Alinitazama tulipotoka kortini, akasema, "Mimba ya kwanza uliipoteza peke yako kule shambani. Hii utazalia kwangu, hospitali iko karibu." Tukapita kwa chifu tukamwambia ninakoenda. Sikutoroka, mwanangu. Shika neno hilo. Chifu alijua, mume wangu alijua, na Mukhwana mwenyewe alisimama njiani akiniona nikiondoka na mkoba wangu.

Tarehe ya kesi ikafika. Nilikuwa nimekwisha kufua rinda la kuvaa kortini, liko kwenye kamba. Kabla jua halijachomoza, maji yakamwagika. Senge akanishika mkono upande huu, Wekesa, aliyekuwa amekuja kunisindikiza kortini, upande huu, tukaenda hospitali. Mlangoni senge akamgeukia mume wangu. "Wewe huna kazi hapa. Kimbia kortini ukawaambie. Waambie tunaomba tarehe nyingine."

Sasa haya yaliyofuata niliambiwa na Wekesa, na Wekesa ni mtu asiyejua kuongeza chumvi. Alikuwa mpole kupita kiasi, mtu wa kuomba ruhusa hata kwa kuku apishe njia. Alifika kortini jasho linamtoka, akamnong'onezea askari wa mlangoni kwamba mshtakiwa yuko hospitali. Askari akamwambia, "Ngoja jina liitwe bana." Jina langu likaitwa. Kizimbani hakuna mtu. Wekesa akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Wewe ni nani?" akauliza hakimu, huyu mpya, kijana, mwenye kalamu isiyotulia.

"Mimi ni bwana yake, Mheshimiwa. Mke wangu yuko leba."

"Una barua ya daktari?"

"Hapana, Mheshimiwa. Mtoto bado hajazaliwa."

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka. Mukhwana akasimama akasema ati nimetoroka, ati nimehamia Kitale, kila mtu Naitiri anajua. Kiongozi wa mashtaka akasema shahidi wake ameacha kazi kuja na hatakuja mara ya pili. Hakimu akaandika kidogo, akasema kesi ni ndogo, sheria inamruhusu kuendelea, na korti haitamngoja mtu anayeichezea. Wekesa akabaki amesimama. Akaambiwa, "Wewe ni wakili?" Akasema, "Hapana." Akaambiwa, "Basi keti." Naye, Mungu amrehemu, akaketi.

Barasa akapanda akaapa. Akasema alfajiri hiyo aliniona kwenye kabeji na panga, akapiga kelele, nami nikaruka senyenge kama paa nikapotelea kwenye mahindi. Kama paa! Mimi, niliyekuwa nikisaidiwa kuinuka kitini! Kama ningekuwa pale, mwanangu, hata kipofu angeuliza swali. Lakini hakimu huyo hakuwa ameniona hata siku moja. Kwake nilikuwa jina kwenye faili, na jina halina tumbo, unaweza kulirusha juu ya ua wowote unaotaka. Barasa alipomaliza, hakimu akasema kwa mazoea, bila kuinua macho, "Mshtakiwa ana maswali?" Karani akamkumbusha, "Mshtakiwa hayuko, Mheshimiwa." Hakimu akasema, "Haya, tuendelee."

Haya, tuendelee. Maneno hayo nimelala nayo miaka mingi. Waliuliza kizimba kitupu kama kina swali, na kizimba kiliponyamaza, wakachukua kule kunyamaza kuwa jibu langu.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Nilifundishwa methali hiyo shuleni, nikaiimba na wenzangu. Leo nakwambia wazi, siipendi. Inafaa kwenye kugawana nyama. Mtu akichelewa karamu, nyama yake iliwe, ni sawa, atakula ugali na mboga. Lakini maisha ya mtu si nyama. Jina la mtu si nyama.

Mtoto alikuwa msichana. Tulimwita Nangila, jina tunalompa aliyezaliwa mama yake akiwa njiani, mbali na kwake. Kitovu chake kilikuwa hakijadondoka polisi walipokuja Matisi. Senge alikuwa anamwosha kwenye karai, mimi nimeketi kwenye jua nikijaribu kunywa uji. Mmoja akauliza jina langu nikamwambia. Akasema, "Umefungwa mwaka mmoja, mama. Twende." Nikamwambia kesi yangu haijasikizwa. Akasema, "Imesikizwa na imeisha." Hakuwa mtu mbaya. Alimngoja senge amkaushe mtoto. Lakini fikiria, mwanangu, kuambiwa na mgeni, ukiwa na kijiko mkononi, kwamba umeshindwa vita ambavyo hukujua vimepiganwa.

Ya gerezani sitakaa nayo sana. Nilinyonyesha katika chumba chenye wanawake wengi na dirisha moja, na wanawake hao walinisaidia kuliko ndugu wa mume wangu, ambao kijijini walikuwa wanasema, "Kama hakuwa na hatia, mbona alikimbilia Kitale?" Hasira niliyokuwa nayo siku za kwanza ilikuwa moto. Baadaye ikawa jiwe. Nilinyamaza. Nikakata shauri kwamba nitakaa mwaka wangu, nitoke, nisikanyage korti tena wala nisimsalimie mtu yeyote Naitiri mpaka nife.

Senge alipokuja kunitazama nikamwambia hivyo. Alikuwa ametoka kortini siku hiyo hiyo, alikuwa amemsumbua karani mpaka akamweleza kwamba mtu aliyehukumiwa hayupo anaweza kurudi mbele ya hakimu, aeleze kilichomzuia, aombe hukumu ifutwe. Alikuja na habari hiyo uso unang'aa. Mimi nikamwambia, "Senge, achana nao. Walishaamua. Sitaki kuwaona."

Mwanangu, sijawahi kukemewa vile. Hakupaza sauti, maana askari jela alikuwa karibu. Aliinama tu karibu na uso wangu.

"Sikiliza, wewe msichana. Walikuhukumu ukiwa leba. Hiyo ni dhambi yao. Sasa unataka wakuhukumu tena ukiwa macho, umekaa hapa umenuna? Hiyo itakuwa yako. Mimi nilijua nimesimama dhamana ya mtu. Kumbe nilisimama dhamana ya gunia?"

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akasema, "Na machozi usiyamalizie hapa. Hiyo hasira nayo usiitupe. Ifunge kwenye leso kama unavyofunga mbegu. Siku ya kusema itafika."

Nililetwa mbele ya yule yule hakimu wa kalamu. Nangila mgongoni, senge kwenye benchi la mbele na kofia yake ya kanisa. Yule muuguzi aliyenizalisha alikubali kuja, Mungu ambariki popote alipo, akasema mbele ya watu wote, "Nilimzalisha mimi. Saa ambazo mnasema alitoroka, alikuwa mikononi mwangu." Hakimu akaniuliza kwa nini sikufika. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Yaliyotoka yalikuwa machache.

"Nilikuwa nazaa, Mheshimiwa. Na bwana yangu alikuambia."

Hakimu akainamia faili. Akaandika. Akasema hukumu imefutwa, kesi ianze upya mbele ya hakimu mwingine, na mimi nitoke kwa dhamana. Aliomba msamaha? Hakuomba. Alisema, "Kesi inayofuata." Nilitoka pale nikijua jambo moja ambalo sikulijua kabla, kwamba yale niliyotendewa hayakuwa bahati mbaya tu. Kusimama mahali unaposhtakiwa, ukamwona anayekushtaki naye akakuona, ukasikia kila neno na ukalijibu, hiyo ni haki yako. Haitegemei hakimu ameamkaje. Imeandikwa katika sheria ya nchi. Na jambo lililo lako likichukuliwa, huendi kuliomba kwa kupiga magoti. Unalidai.

Kesi mpya ilipofika senge aliniweka chini jikoni kwake. "Karani ameniambia jambo jingine. Sheria inasema uwepo, lakini ukivuruga kesi hakimu anaweza kukutoa nje na kuendelea bila wewe. Watasema uongo leo. Watasema mbele ya macho yako. Ukipiga kelele, watakutoa mara ya pili, na safari hii mlango utakuwa umewafungulia wewe mwenyewe. Unasikia?"

"Nasikia, senge."

"Rudia."

Nikarudia kama mtoto wa katekisimu.

Hakimu safari hii alikuwa mama wa makamo, miwani puani, asiye na haraka. Mukhwana akatoa ushahidi. Alisema mimi ni mwanamke wa fujo, alisema nilimtishia mbele ya watu, alisema akina mama wa siku hizi hawana adabu. Mdomo wangu ulifunguka. Naapa ulifunguka, na neno lililokuwa mlangoni si neno la kumwambia mjukuu. Nikamwona senge anakohoa. Nikachukua ncha ya leso iliyomfunga mtoto, nikaiuma, nikaiuma mpaka nikasikia ladha ya sabuni. Mukhwana akaendelea kusema. Mimi nikaendelea kuuma.

Hakimu akanipa nafasi ya kumuuliza. Nikamuuliza moja tu. "Mzee, siku ya kabeji zako nilikuwa na hali gani?"

"Hali gani vipi?"

"Mwilini."

Akatazama pembeni. "Sikuangalia mwili wako mimi."

Jirani yangu, mwanangu. Aliyeniona kila siku nikipita na ndoo. Hakuangalia.

Akaja Barasa. Kijana mwembamba, koti la kuazima, mikono haijui pa kukaa. Akasema yale yale, panga, kelele, senyenge, paa. Hakimu akaniambia, "Mshtakiwa, una maswali?" Swali lile lile walilouliza kizimba kitupu. Nilisimama, nikamfungua Nangila mgongoni nikampakata mbele, maana alikuwa ameamka.

"Barasa, unanijua?"

"Nakujua mama, si ni jirani."

"Ile senyenge ya Mzee inafika wapi?"

Akaonyesha kifuani.

"Nilipita chini yake au juu?"

"Juu. Uliruka."

"Mara moja tu, bila kushika?"

"Mara moja. Kama paa." Watu wakacheka kidogo, na mimi nikawaacha wacheke.

"Barasa, unamwona huyu mtoto?"

"Namwona."

"Huyu alizaliwa siku mliyonihukumu mara ya kwanza. Siku ya kabeji alikuwa tumboni, miezi saba. Sasa niambie, nilipokuwa naruka juu ya senyenge inayokufika kifuani, huyu nilimwacha wapi?"

Barasa akamtazama Mukhwana. Yule mama hakimu akavua miwani. "Usimwangalie mlalamishi. Niangalie mimi."

"Mheshimiwa, kulikuwa na ukungu."

"Ulimwona mwanamke huyu au hukumwona?"

Yule kijana akageuka kumtazama hakimu. Nilimhurumia, usifikiri sikumhurumia. Alikuwa mtu wa kula kwa mkono wa tajiri wake. "Niliona mtu," akasema. "Mtu amekimbia. Mzee ndiye aliniambia ni yeye."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwanangu, mtu lazima awe amesimama mwishoni mwa njia hiyo kumngoja. Uongo ule ule, maneno yale yale, mdomo ule ule, siku ya kwanza ulinifunga, siku ya pili ukaanguka wenyewe kama tunda bovu. Tofauti ilikuwa nini? Sikuwa nimesoma zaidi. Sikuwa na wakili. Tofauti ni kwamba nilikuwapo.

Nikaachiliwa. Hakimu alisema niko huru, akamwambia Mukhwana maneno makali kidogo, akafunga faili. Mukhwana alitoka nje bila kunitazama, na mpaka alipokufa hakuniambia pole. Shemeji zangu walikuja na kuku wakasema walijua tangu zamani kwamba sikufanya. Nilimpokea kuku. Yale maneno sikuyapokea. Wekesa alikaa kwenye ngazi za korti akalia kama mtu aliyefiwa, akisema, "Waliniambia keti nikaketi." Nilimwambia asijilaumu. Wao ndio waliomwambia mtu asimamaye kwa ajili ya mkewe kwamba hana neno. Hasira yangu ilikuwa kwao. Ipo kwao hata leo.

Na sasa nageuka kwako, maana hasira hii haijaishia kwa wazee wale.

Nyinyi watoto wa simu mnafanya kesi kila siku. Nawasikia hapa uani. Msichana fulani wa Misikhu amesemwa ameiba pesa za chama, na kabla hajaamka kuosha uso, kundi zima kwenye simu limeshamhukumu, limemtoa, limemwekea na picha ya kucheka. Yeye hayumo. Kijana anatajwa sokoni kuwa mwizi wa pikipiki, na mawe yanaokotwa kabla mtu hajauliza alikuwa wapi. Wazee nao, wenzangu, wanaketi kikao cha ukoo wakagawa lawama za mtu aliye Nairobi, ati tutamjulisha. Kumjulisha nini? Kwamba imeisha? Hayo ni maneno ya yule polisi wa Matisi, na nikiyasikia nainuka na magoti yangu haya mabovu natoka nje. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Siku utakapokuwa kwenu ndipo mtatafuta senge, na mimi sijui kama bado wapo wa namna yake.

Basi haya ndiyo ninayokuachia, mwanangu.

Usimhukumu mtu asiyekuwapo, hata kama ushahidi unang'aa kama bati jipya, hata kama anayesema ni mchungaji wako. Sema, "Aitwe kwanza." Watakukasirikia. Sema tena. Na mtu akisimama nyuma ya chumba kumsemea asiyekuwapo, usimcheke, mpishe njia.

Ukishtakiwa wewe, nenda. Nenda ukiwa na hofu, nenda na viatu vibovu, nenda ukijua utashindwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Usiwape kiti kitupu, kwa maana kiti kitupu kinakubali kila kitu. Ukizuiliwa na ugonjwa, na uzazi, na msiba, tuma watu, na wakikataliwa, rudi ukadai kesi yako ianze upya, kwa sababu ni yako. Na ukifika, ziba mdomo mpaka zamu yako. Hasira ni nzuri, mimi nimeishi nayo kama mke mwenza, lakini ukiifungulia mlango kabla ya wakati itakutoa wewe nje na kuwaacha waongo ndani.

Mwenyezi Mungu akupe miguu ya kufika unapotajwa, na masikio ya kuvumilia unapotukanwa, na neno moja la kutosha zamu yako ikifika. Siku utakapokuwa mbali huwezi kuja, akuinulie mtu mmoja asiyeogopa kuambiwa keti. Na mahali popote watakapolitaja jina lako, akukutanishe nao uso kwa uso. Enda na baraka zangu, mwanangu.